Lisemwalo lipo? Vile mtoto wa shule anahukumiwa kabla ya kuulizwa

Ilikuwa Jumanne jioni, niko kwa matatu natoka tao naenda Umoja, simu ikaanza kulia bila kupumzika, kuangalia ni grupu ya wazazi wa Grade 8. Kuna voisi noti ya mama mmoja, anaongea pumzi zikimkatika, ati wasichana 5 wamezimia shuleni baada ya kula mabuyu yenye bangi, na wenye wanauza hayo mabuyu ni vijana 2 wa klasi yao. Niliisikiliza mara moja tu. Sikuuliza nani amesema wala nani amepima. Nikaifowadi kwa mke wangu na kwa dada yangu mwenye mtoto shule ya jirani, nikaandika chini yake "chungeni watoto". Kabla nifike nyumbani picha ya klasi ilikuwa imeshaingia, ile walipigwa siku ya kufunga shule, na vichwa viwili vimezungushiwa duara nyekundu. Kichwa kimoja ni cha kijana wa jirani yangu, mlango wake na wangu unatazamana.

Nimekaa na haya maneno muda mrefu. Nimesoma sheria, nimeongea na walimu wawili watatu ninaowaamini, nimekaa na huyo jirani jioni nyingi, na kitu nataka kuelezea hapa ni vile swali linageuka hukumu kwa masaa machache, linapitia wapi, nani analisukuma, na kwa nini hata mtoto aliyeumizwa kweli, pale ambapo yupo, naye pia anatoka amepoteza. Hiyo ya mwisho ndio watu wengi hawaioni kabisa.

Baadaye ilikuja kujulikana vile maneno yalianza. Saa nane na nusu mchana, jua kali, watoto wako uwanjani kwa mazoezi ya michezo, msichana mmoja ambaye hakuwa ametia chakula mdomoni tangu asubuhi akaanguka. Wenzake wakapiga kelele, wa pili akasema kichwa kinazunguka, wa tatu akaanza kulia hasikii miguu. Mwalimu akashtuka, akauliza lile swali ambalo mwalimu yeyote wa Nairobi siku hizi angeuliza, mmekula nini, mmekula kitu iko na bangi? Mmoja akajibu tumekula mabuyu. Basi, hapo tu. Mtoto akaongea na mamake kwa simu ya mwalimu akamwambia ticha anauliza kama mabuyu ilikuwa na bangi, mama akamwambia mama mwenzake ticha anasema mabuyu ilikuwa na bangi, na kufika saa kumi na mbili voisi noti inasema mabuyu ilikuwa na bangi. Ukifuatilia mnyororo wote huoni mtu aliyekaa chini akatunga uongo. Alama ya kuuliza ilianguka njiani na hakuna aliyeinama kuiokota.

Na watoto kuanguka wakifuatana si jambo geni Kenya. Oktoba 2023 shule moja ya wasichana kule Kakamega ilifungwa baada ya wanafunzi zaidi ya 90 kupelekwa hospitalini miguu ikiwa imekataa kutembea, nchi nzima ikaona video, wengine wakasema ni sumu wengine wakasema ni mapepo, na maafisa wakaja kuitaja histeria, yaani hofu inayopita kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Si kwamba wasichana wanaigiza, hapana, mwili unaumwa kweli, ila kinachouumiza si kitu kimetiwa kwa chakula. Sasa mtu akishakuwa na mtoto amelala kwa kitanda cha hospitali, kumwambia ni hofu anaona ni kama umemtukana. Anataka jina. Hofu haina jina, haina uso, haina mamake unayeweza kumpigia simu saa tano usiku ukamtusi. Vijana wawili wa mabuyu wako na vyote hivyo.

Kuna methali ilirudiwa kwa grupu usiku ule mpaka ikawa kama ushahidi, lisemwalo lipo na kama halipo laja. Mimi nimekulia na hiyo methali, nyanya yangu alikuwa haimalizi wiki bila kuisema, lakini alipoisema alikuwa anakuambia fungua macho, usilale, nenda uangalie. Hajawahi kuitumia kumaanisha kwamba ukisikia basi umeshajua. Wazee hao hao ndio walituachia msema pweke hakosi, anayeongea peke yake atakosea aje na hakuna wa kumjibu? Kwa ile grupu kulikuwa na wazazi 70 na kitu, na wazazi wa wale vijana 2 walikuwa ndani pia, wanasoma kila kitu. Mama ya kijana aliandika mara moja, "naomba tusubiri shule iseme", akajibiwa na watu 9 kwa dakika moja hivi, halafu admini akaifunga grupu ikawa ni yeye peke yake anaweza kuandika. Hapo kesi ikaisha, kwa maoni ya watu.

Simu nayo iko na mchango wake na si mdogo. Mwaka 2018 huko India watu waliuliwa na makundi barabarani kwa sababu ya uvumi uliokuwa unazunguka WhatsApp ati kuna wezi wa watoto, na baada ya hapo ndio kampuni ikaanza kubana, 2019 ikasema ujumbe utafowadiwa kwa watu ama grupu 5 tu kwa mpigo, Aprili 2020 ikasema ule ambao tayari umefowadiwa mara nyingi uende sehemu moja moja. Ni kitu, sikatai. Lakini grupu moja inaweza kubeba watu 1,024, na mtu akipiga skrinshoti ama akasevu ile picha yenye duara halafu aitume upya, simu inaiona kama kitu kipya kabisa, haina historia. Picha ya wale vijana ilifika kwa grupu ya kanisa, ya chama, ya nyumba za Tena, na siku ya tatu ikafika kwa mwenye duka ambaye jirani yangu ananunua maziwa kwake kila asubuhi.

Sasa twende kwa ofisi ya deputi, kwa sababu hapo ndio kuna kitu kizito ambacho wazazi wengi hawakijui. Mtu akisoma shule ya Kenya anajua neno statement. Unaitwa, unapewa karatasi, unaambiwa andika ulichofanya. Si ulichoona, ulichofanya. Kijana wa jirani alikuwa na miaka 13. Aliandika ya kwanza, akasema mabuyu yalitumwa na shangazi yake Mombasa, na wanauza paketi bob 10. Akaambiwa hii si ukweli, andika tena. Akaandika ya pili ile ile. Ya tatu, saa kumi jioni Jumatano, tumbo tupu, wenzake wote wameenda nyumbani, akiwa ameambiwa mwenzako ameshasema kila kitu na wewe ukisema utaenda nyumbani, akaandika kwamba kuna siku mwanaume fulani kwa steji aliwapatia kitu wachanganye. Mwenzake hakuwa amesema chochote. Na huyo mwanaume wa steji hajawahi kupatikana kwa sababu kijana alimtoa kichwani ili aende nyumbani alale.

Mtu ambaye hajawahi kufinyiliwa hivyo anauliza, sasa mtoto atakubali aje kitu hajafanya? Atakubali. Kuna kesi moja ya New York ambayo kila mzazi angeijua. Aprili 1989 mwanamke alishambuliwa na kubakwa vibaya sana kwa bustani ya Central Park, polisi wakashika vijana 5, Weusi na mmoja mwenye asili ya Kilatino, wa miaka 14 hadi 16, wakahojiwa masaa na masaa, na 4 kati yao wakakubali mbele ya kamera. Hata kabla kesi isikilizwe Donald Trump, wakati huo ni mfanyabiashara tu, alilipia tangazo la ukurasa mzima kwa magazeti ya huo mji akitaka adhabu ya kifo irudishwe. DNA haikulingana na yeyote kati yao lakini wakafungwa. Mwaka 2002 mwanaume mwingine ambaye tayari alikuwa jela akasema ni yeye, peke yake, na DNA ikawa yake kweli. Hukumu zikafutwa, na 2014 mji ukakubali kuwalipa dola milioni 41. Ila miaka waliyokaa ndani walikaa. Na angalia tena kitu kingine hapo: wakati kila mtu ameshika vijana ambao si wao, yule mwenyewe aliendelea kuzunguka nje na kuumiza wanawake wengine. Kushika asiye ndiye kunamwachia aliye ndiye njia wazi.

Wengine wanasema sawa, hiyo ni ya kuambiwa, lakini kukiwa na video? Januari 2019 dunia nzima iliona klipu fupi ya kijana wa shule wa Kentucky akiwa Washington, amesimama uso kwa uso na mzee wa jamii ya wenyeji asilia wa Marekani, anatabasamu, wenzake wanapiga kelele, na kufikia asubuhi yeye na shule yake walikuwa wameshahukumiwa, vitisho vikaja mpaka shule ikafungwa siku moja. Halafu video ndefu ikatoka, ikaonyesha kulikuwa na kundi lingine lililokuwa linawatukana hao wanafunzi tangu mapema na kwamba mzee ndiye alitembea akaingia katikati yao. Unaweza bado usipende vile walijibeba, hiyo ni haki yako. Lakini hadithi haikuwa ile watu walikuwa wameapa wameiona kwa macho yao. Klipu inaanza pale aliyeikata ameamua ianzie.

Sheria yetu inasemaje? Katiba ya 2010, kifungu cha 50, mtu anachukuliwa hana hatia mpaka ithibitishwe kinyume, na hapo hawakuandika mtu mzima, wameandika kila mshtakiwa. Kifungu cha 53 kinasema maslahi ya mtoto ndio ya kwanza kwa kila jambo linalomhusu, na kumfungia mtoto iwe ni hatua ya mwisho kabisa, kwa muda mfupi iwezekanavyo, mbali na watu wazima. Halafu kuna Sheria ya Watoto ya 2022 ambayo wazazi wengi hawajaiskia. Zamani mtoto wa miaka 8 angeweza kushtakiwa, sasa ni 12, na wa chini ya miaka 14 anachukuliwa kwamba hajui kutofautisha jema na baya mpaka mahakama ionyeshwe ushahidi kwamba anajua. Kijana wa miaka 13 anaangukia hapo hapo. Tena sheria hiyo inafungua njia ya kosa la mtoto kushughulikiwa nje ya mahakama, aombe msamaha, alipe alichoharibu, apate ushauri, na jina lake lisitangazwe. Sisi kwa grupu tulitangaza jina, sura, klasi, na nyumba namba.

Shule pia haina ruhusa ya kufukuza tu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema kabla mtoto afukuzwe njia zingine zote za kumrekebisha ziwe zimeshindikana, na yeye na mzazi wake wawe wamepewa nafasi ya kusikilizwa. Na kuhusu ile picha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ruhusa ya mzazi kabla utumie habari za mtoto, na si maneno ya kwa karatasi, Septemba 2023 Kamishna wa Data alipiga shule moja hapa Nairobi faini ya 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Hizo zilikuwa picha za kawaida. Hazikuwa na duara nyekundu.

Najua kuna mtu anasoma akisema huyu anatetea wahalifu. Naomba unisikize hapa vizuri. Watoto wanafanya makosa mabaya, mengine ya kutisha. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2017 bweni la Moi Girls hapa Nairobi liliungua na wasichana 10 wakafa, na mwanafunzi wa miaka 14 akashtakiwa kwa mauaji. Hasira ya mji ilikuwa ya haki, nani hakulia wiki ile? Lakini kesi ilichukua zaidi ya miaka 4, Februari 2022 ndio akahukumiwa miaka 5, na mahakama haikumpata na hatia ya mauaji, ilimpata na kuua bila kukusudia. Kuna shimo kubwa kati ya hayo mawili. Kuchoma ukitaka kutolewa shule hiyo ni kitu kimoja na kuchoma ukitaka watu wafe ni kingine, ingawa majeneza yanabaki 10. Kugundua hilo kulihitaji mashahidi, maswali, na mtu wa kuuliza upande wa pili. Hiyo ndio kazi ambayo sauti ya umma haiwezi kufanya kwa jioni moja, hata ikiwa imebahatisha jina.

Na sasa ile nilisema watu hawaioni. Haraka inaua ushahidi. Yale mabuyu yaliyobaki, paketi kama 20, yalichukuliwa kwa begi za wale vijana Jumanne hiyo hiyo na yakachomwa kwa jaa nyuma ya jikoni, ati yasidhuru mtoto mwingine. Kesi ya bangi Kenya haisimami bila ripoti ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na hakukuwa tena na kitu cha kumpelekea. Wasichana walipelekwa hospitali wakapewa maji ya chumvi na sukari wakarudishwa nyumbani, hakuna aliyesema wapimwe mkojo, wakati bangi hukaa kwa mkojo siku kadhaa na ingejulikana. Bangi ya kuliwa pia huanza kushika kati ya nusu saa na masaa 2 hivi, na mabuyu yaliliwa break ya saa nne, watoto wakaanguka saa nane na nusu, hesabu ambayo ingefaa kumfanya mtu mmoja aulize. Hakuna aliyeuliza kwa sababu jibu lilikuwa tayari. Kwa hivyo kama vijana hawakufanya, kitu cha kuwasafisha kilichomwa, na kama walifanya, kitu cha kuwashika kilichomwa pia, na mzazi wa msichana aliyeanguka mpaka leo hajui mtoto wake alipatwa na nini. Aliniambia hivyo kwa lango la shule, na hakuwa amekasirika tena, alikuwa amechoka tu.

Kwa mashtaka ya kudhulumiwa kingono ni mbaya zaidi. Mtoto akidhulumiwa, masaa 72 ya kwanza ndio ya dawa za kuzuia HIV na mapema zaidi ndio bora, nguo alizovaa zisifuliwe, daktari ajaze fomu, polisi wachukue maelezo yake kwa utaratibu. Yale masaa watu wengi wanayamalizia kwa simu wakitafuta picha ya mshukiwa. Na jina la mshukiwa likitoka, la aliyedhulumiwa linafuata nyuma yake, kwa sababu klasi ni moja na watoto wanajuana. Halafu mawakili wanasimama mahakamani wanasema huyu mtoto ameambiwa na watu 100 kitu cha kusema kabla aulizwe na afisa. Nimeongea na mwalimu ambaye aliona kesi ikianguka hivyo, na yeye anaamini mpaka leo kwamba kosa lilifanyika. Ukisikia neno kama hilo piga 116 ya watoto ama 1195 ya dhuluma za kijinsia, zote ni bure, na upeleke mtoto hospitali. Grupu itapata habari yake baadaye ama isipate kabisa, haidhuru.

Kuchunguza sio kutetea. Sijui ni kwa nini hii imekuwa ngumu kuelewa mjini. Labda kwa sababu tumezoea kelele ya mwizi, pale Gikomba mtu akipiga ile kelele hakuna anayesimama kuuliza ameiba nini, miguu inakimbia kabla kichwa, na ukiuliza unaambiwa basi ni mwenzako. Kwa grupu ilikuwa vile vile. Wazazi watatu waliniandikia inboksi wakisema hawaamini hii maneno, na hakuna hata mmoja wao aliyeandika mbele ya watu. Mimi pia sikuandika. Nilikuwa nimeshaifowadi, na mtu akishafowadi kitu anataka kiwe kweli.

Kijana alisimamishwa masomo wiki 2, ikawa 3, ikawa 5, halmashauri ya shule ikakaa mwishowe na wazazi, ikaandika barua ya mistari sita kwamba hakuna ushahidi na arudi klasi. Mwenzake hakurudi, wazazi wake walimhamisha kwa nyanya yake Machakos. Barua haikuwekwa kwa grupu. Mama ya kijana wa jirani alimwomba admini aiweke, akaambiwa mambo yameshapoa tusiyafukue. Alinionyesha jioni moja kwa mlango, imekunjwa kwa plastiki kama cheti cha kuzaliwa, akaniambia "jirani, wewe uko na ruhusa yangu". Nikaipiga picha, nikafunika jina la mtoto kwa kidole, grupu ilikuwa imeshafunguliwa, nikaituma, na chini yake nikaandika kwamba ile voisi noti mimi pia niliifowadi na sikuwa nimeuliza kitu.

Watu 4 waliweka kidole gumba. Mmoja akaandika "Mungu ni mwema". Yule mama wa voisi noti aliisoma, nikaona, hakujibu, na saa nne usiku akanipigia simu, akakaa kimya kidogo, halafu akaniuliza huyo kijana anaishi nyumba gani, anataka kwenda kwao Jumamosi.